Kidude Mkononi mwa Orpha

Jumapili, tarehe 5 Oktoba

Naomba radhi. Tangu mwezi wa Juni sijaandika hata mstari mmoja katika kurasa hizi, nami ndiye niliyewaamuru wanafunzi wangu kule Kigoma waandike shajara kila siku, na aliyeruka siku mbili alifagia darasa wiki nzima. Wangeniona leo wangenikabidhi ufagio.

Sababu ya ukimya ni Orpha. Ni binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu tulipofika Johannesburg, akiwa na miaka minne. Sasa ni mwanamke mzima, fundi cherehani hapa Malvern. Ana kisukari kilichomwanza utotoni: mwili wake hautengenezi insulini kabisa, hivyo lazima ajichome sindano kila siku, maisha yake yote. Akizidisha dawa, sukari inashuka na anapoteza fahamu. Akipunguza, sukari inapanda, kiu haiishi, na damu inageuka sumu polepole. Mwezi Juni alianguka penye roboti, ndivyo waitavyo hapa taa za magari, ya barabara ya Jules akiwa na mfuko wa vitambaa, na wapita njia walidhani amelewa. Alilala hospitalini wiki tatu. Wiki hizo sikuwa na neno la kuandika, na baadaye nikazoea kutokuwa nalo.

Sasa tuna kifaa. Steve, kaka yake Orpha aliyeko Brussels, ametuma boksi. Ni kidude cha duara, kama sarafu kubwa, kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, na kisindano chembamba kinabaki chini ya ngozi. Kinapima sukari mchana na usiku na kuipeleka namba kwenye simu ya Orpha, mradi simu iwe karibu naye. Simu yake huituma kwangu na kwa Steve. Kidude kimoja hufanya kazi wiki mbili, kisha kinakufa na kingine kinabandikwa. Namba nzuri ni kati ya nne na kumi. Kando ya namba kuna mshale unaoonyesha kama sukari inapanda au inashuka. Ikishuka mno, simu yangu hupiga kelele. Ikipanda mno, hutoa mlio mrefu, mzito, ambao siupendi.

"Baba Mdogo," Steve aliniambia, "sasa wewe ndiye polisi."

Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu, ila kazi ni ileile.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Asubuhi sita nukta mbili. Jioni saba nukta nane. Joto kali. Mvua haijaja.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Leo nimemkuta tena Léocadie ndani mwetu, amekalia kiti changu.

Léocadie ni jirani. Yeye na mumewe Bakiri, ambaye ni mlinzi wa usiku huko Kensington, wamepanga chumba kilichopakana na chetu. Ukuta ni mmoja, na cherehani yake dukani imegusana na ya Orpha. Ana mimba ya miezi sita. Ametoka Uvira, na Kiswahili chake hakijawahi kupita mlango wa darasa. Anacheka kwa sauti. Anakunywa maji mengi mno kwa ajili ya joto hili. Bomba la uani halipumziki. Huja na mandazi ndani ya karatasi, na Orpha hajui kukataa.

Nilisimama mbele ya kiti nikasubiri. Alinyanyuka polepole, mkono kiunoni.

"Papa Ruphin," akasema, "we unafungaka uso sawa mulango ya banki siku ya Yenga."

Orpha alicheka hadi akashika meza. Yenga kwao ni Jumapili; mimi sikuona cha kuchekesha. Nilimwambia mandazi hayaruhusiwi katika nyumba hii. Akayafunga karatasi, akaondoka nayo, na nyumba ikawa kimya kuliko nilivyokusudia.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Nilikwenda zahanati kuchukua vidonge vyangu vya shinikizo la damu. Langoni palikuwa na vijana waliovaa fulana za namna moja. Si wafanyakazi wa zahanati. Waliomba vitambulisho. Nikatoa kibali changu, halali kabisa, chenye mhuri. Kijana mmoja alikisoma pande zote mbili, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hapana, mkhulu. Hapa ni pa watu wa hapa."

Mkhulu ni babu. Aliniita babu, akanishika kiwiko kwa adabu asije mzee akajikwaa, akanigeuza kuelekea barabarani. Nimewahi kufukuzwa na watu wenye bunduki, lakini wale hawakunishika kiwiko.

Ng'ambo ya barabara nilimwona Léocadie ameketi ukingoni, kadi ya zahanati mapajani. Nikamuuliza anafanya nini pale.

"Napumuzika tu, Papa."

Orpha yeye hupita. Anazungumza isiZulu kama aliyezaliwa humu. Vijana wale humsalimia na kumpisha. Miaka mingi nilimkaripia kwa kuongea lugha hiyo mezani badala ya Kiswahili. Sikujua kwamba ingekuja kuwa kitambulisho chake.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba

Namba nzuri. Kichwa kinanigonga kidogo. Mawingu yalikusanyika upande wa kusini, yakatawanyika bila tone.

Jumamosi, tarehe 18 Oktoba

Kidude cha zamani kimemaliza muda. Niliporudi kutoka mkutano wa wazee wa kanisa, Orpha alikuwa amekwisha kubandika kipya. Alinionyesha mkono wake, plasta pana imefunika juu.

"Plasta ya nini?"

"Hiki kinalegea, Baba Mdogo. Jasho."

Namba: kumi na moja nukta nne. Nimemwambia ajihadhari na wanga.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba

Kanisani, Orpha aliimba safu ya mbele ya kwaya, hatua chache kutoka benchi langu. Nilitazama simu wakati wa sadaka. Ilisema hakuna mawasiliano na kihisio, ndicho kidude chenyewe. Mahubiri yakaanza, yakaisha, hakuna mawasiliano. Nilikuwa namwona kwa macho yangu mawili, na simu inasema haimwoni.

Nilimuuliza njiani.

"Simu ilizima, Baba Mdogo. Chaji."

Lakini tulipofika nyumbani namba ilirudi kabla hajaichomeka simu ukutani. Kumi na tatu nukta sita. Kwa hiyo amenidanganya. Tangu ana miaka minne hajawahi kunidanganya kwa jambo ninalolijua.

Jumanne, tarehe 21 Oktoba

Kumi na nne nukta tisa.

Jumatano, tarehe 22 Oktoba

Kumi na sita nukta tatu. Steve amepiga simu akiwa kazini.

"Anakula nini huyo? Baba Mdogo, mimi nalipa vile vidude kwa jasho langu. Silipi ili nitazame dada yangu akijiua kwenye simu."

Ana haki. Ni kijana anayejua wajibu wake. Nilimwambia nitalishughulikia.

Ijumaa, tarehe 24 Oktoba

Nimelishughulikia. Nimetoa nyumbani sukari yote, asali, juisi, maziwa ya kopo, hata pakiti ya peremende aliyoficha katika sanduku la uzi. Vyote nimevitia katika pipa la taka uani, mbele ya macho yake, ili asiseme hakuona.

"Baba Mdogo, peremende ni za nikishuka."

"Tazama namba. Unashuka lini wewe? Wiki nzima uko mlimani."

Akafungua mdomo, akaufunga. Zamani ukimya wake ulikuwa wa utii. Huu wa leo sikuutambua. Ulikuwa wa mtu anayehesabu.

Nikaona pia vidole vyake vimejaa alama za kuchomwa. Nikamwambia fundi mzuri huvaa kastabini.

Jumatatu, tarehe 27 Oktoba

Nilipita dukani mchana kumpelekea Orpha funguo. Duka ni chumba chembamba kati ya muuza simu na spaza, kiduka cha vyakula, ya Msomali. Orpha na Léocadie wanakaa bega kwa bega, migongo kwa mlango. Nimesimama kizingitini, simu yangu ikapiga kelele. Tatu nukta moja, mshale chini.

Nilimtazama Orpha. Alikuwa anatunga uzi katika tundu la sindano. Aliutunga mara moja tu, bila kukosea, akageuka taratibu. Mwezi Juni, kabla hajaanguka, alishindwa kushika kijiko.

"Eish," akasema, akamtazama Léocadie.

Léocadie alikuwa ameinamia cherehani, paji la uso limelowa. Orpha alimshika mkono wakaenda pamoja nyuma ya pazia wanakopimia wateja. Nilisikia kopo la soda likifunguliwa. Walikaa huko muda, kisha namba ikaanza kupanda.

"Nimekunywa, Baba Mdogo," akasema aliporudi. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Na huyu alifuata nini?"

"Kunishika tu," akajibu Orpha.

Léocadie alijaribu kutania. "Papa, hata polisi anapumuzikaka saa sita." Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya aliyetoka usingizini.

Nilijiambia kwamba kifaa kimemwahi kabla mwili haujajua. Ndivyo Steve alivyonieleza kwamba kinaweza kufanya. Nimeandika hivyo, na bado sijaridhika.

Jumamosi, tarehe 1 Novemba

Kidude kimebadilishwa nikiwa nimelala mchana. Plasta ileile. Ngurumo mbali. Hakuna mvua.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Kumi na tano.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Kumi na saba. Léocadie nimemkataza kuingia kwangu. Sikupaza sauti. Nilimwambia mlangoni kwamba Orpha anaugua, na kwamba yeye na karatasi zake za mandazi ni sehemu ya ugonjwa. Aliweka mkono juu ya tumbo.

"Ni kweli, Papa," akasema. "Mimi niko sehemu ya bugonjwa."

Akaingia chumbani kwake. Nilidhani nimeshinda.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Ninaandika ya jana. Nitayaandika kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio niliobaki nao.

Jana jioni joto lilikuwa la kukaba. Mbingu upande wa kusini ilikuwa ya kijani, rangi ambayo watu wa hapa wakiiona huingiza magari ndani. Orpha aliweka ugali na sombe mezani. Simu yangu ilitoa ule mlio mzito: kumi na nane nukta saba, mshale juu. Papo hapo Steve akapiga.

"Baba Mdogo, unaona? Achome yuniti kumi. Sasa, mbele yako, usikubali aseme baadaye. Niweke kwenye spika."

Nikaweka simu kati ya bakuli.

"Orpha," akasema Steve, "chukua kalamu ya insulini."

"Nitachoma nikishakula, kaka."

"Unasema hivyo kila siku!"

Orpha aliutazama ukuta. Si mimi, si simu, ukuta. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba Mdogo, leo nichome nne tu."

"Sikukuuliza ngapi," nikasema. "Kaka yako amesema kumi, na namba imesema. Choma."

Katika nyumba yetu mtoto habishani na aliyekaa katika kiti cha baba. Nilimfundisha hivyo mwenyewe, na amejifunza vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Alichukua kalamu ya insulini. Nilihesabu mibofyo, kumi. Akainua blauzi kidogo, akajichoma tumboni huku anatazama ukuta uleule. Steve akamshukuru Mungu na kukata simu. Nami nikampunguzia ugali. Alikula matonge mawili.

Mvua ya mawe ilianza hapo. Ilipiga mabati hadi hatukusikizana, na umeme ukakatika. Niliwasha tochi. Orpha aliondoka mezani akaanza kufungua makabati: moja, la pili, sanduku la uzi, kana kwamba peremende zingekuwa zimerudi zenyewe. Alielekea mlangoni. Nikamuuliza anakwenda wapi katika mawe yale.

"Spaza."

"Spaza imefungwa. Huna la kufuata huko. Keti."

Aliketi. Baada ya muda nilimmulika, nikaona jasho linadondoka kidevuni. Mikono ilikuwa inatetemeka. Alisema neno, nikamwambia arudie, akasema, "Ushukela." Aliomba sukari kwa isiZulu.

Nikatazama simu. Kumi na tisa nukta sita, mshale bado juu.

"Hapana," nikasema. "Namba ni kumi na tisa. Nikikupa sukari nitakuua."

"Baba," akasema. Hakusema Baba Mdogo. Kisha akateleza kutoka kitini kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba.

Nilipiga namba ya dharura. Iliita hadi ikakatika, hakupokea mtu. Nikaita jina lake. Nikaita tena kwa nguvu zote, na hapo ukuta ukagongwa, na dakika hiyohiyo mlango ukafunguka. Léocadie aliingia na sufuria kichwani kujikinga mawe, amelowa, miguu mitupu.

"Mupe sukari!"

"Toka," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyemfikisha hapa. Ana kumi na tisa."

"Hana kumi na kenda! Mupe sukari, Papa, anakufa!"

Nilisimama katikati yao. Ninaandika hili kama lilivyotokea: nilisimama katikati yao, mzee mwenye tochi, na simu mbele kama ngao. Nikamwonyesha kioo. "Soma! Hujui kusoma?"

Léocadie alishika mkono wa gauni lake akaupasua hadi begani. Alinigeuzia mkono wake chini ya tochi. Nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kulikuwa na kidude cha duara, kipya, cheupe.

"Ile namba ni yangu," akasema. "Ni ya mwili yangu, Papa. Mutoto anakufa na we unasoma sukari ya mimi."

Sikumbuki kusogea, lakini nadhani nilisogea, kwa kuwa alipita. Alipiga magoti kwa shida, akatoa katika sidiria pakiti ya peremende. Ilikuwa ileile niliyoitupa katika pipa; alikuwa ameiokota. Alizisaga kwa meno, akampaka Orpha ndani ya mashavu na kwenye ufizi, tena na tena, akimwita majina ambayo mama huwaita watoto wachanga. "Pa maji," akaniambia, "na ile sukari iko juu ya meza ya kwangu. Kimbia." Nilikimbia katika mawe. Nilirudi na sukari, tukaikoroga, na alipoweza kumeza tukamnywesha kwa kijiko.

Muda wote huo simu sakafuni ilikuwa inatoa ule mlio mzito. Kumi na tisa nukta nane. Ulikuwa mlio wa Léocadie, na hakuna aliyekuwa anamhudumia.

Orpha alipofungua macho, neno lake la kwanza lilikuwa kwa Léocadie. "Umechoma?"

"Bado."

"Choma."

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Nimembandua Orpha plasta kwa mkono wangu. Chini yake kulikuwa na kidude cha mwezi uliopita, kimekufa, kimeachwa pale kwa ajili ya macho yangu.

Alinieleza yote akiwa kitandani. Léocadie ana kisukari tangu kabla ya mimba hii. Alikuwa anapata insulini zahanati, hadi wale vijana waliposimama langoni. Hana isiZulu ya kumpitisha. Tangu hapo Orpha anamgawia nusu ya dawa yake mwenyewe.

"Na kidude?"

"Bila kidude, hiyo nusu ingemuua, Baba Mdogo. Tangu mimba ikue anashuka bila kuhisi. Mimi nikishuka mwili unaniambia. Wake umenyamaza. Mara mbili nilimkuta amelala juu ya cherehani, nikafikiri amekufa."

"Na wewe je? Unajipimaje?"

Akanionyesha vidole. Alama zile hazikuwa za sindano za ushonaji. Hujichoma na kupima tone la damu kwa vijiti, na vijiti vyenyewe vimebaki vichache.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mkweli, akaongeza, "Na ungekuwa na sababu nzuri sana. Ndiyo maana."

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimekaa uani na Léocadie. Nilimpa kiti changu. Nilitaka kusema neno, na kila lililonijia lilikuwa rasmi mno.

"Papa, usijisumbue," akasema. "Uso yako imefunguka kidogo leo. Banki iko wazi hata siku ya Yenga."

Nilicheka. Naye pia. Kisha simu yangu ikapiga kelele, akanishika mkono ghafla, na hakuwa anacheka tena. Tatu nukta tatu. Nilishika kikombe mwenyewe akanywa.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Tumeweka utaratibu mpya. Simu inanipa hali ya Léocadie. Hali ya Orpha namuuliza kwa mdomo. "Unajisikiaje?" Katika miaka yote niliyomlea sidhani niliwahi kumuuliza hivyo na kungoja jibu. Nikiwa kitandani nagonga ukuta, na Léocadie anagonga. Bakiri akiwa lindoni, mimi ndiye ninayegonga mara nyingi.

Mvua kila jioni sasa. Kichwa kinagonga na mvua. Vidonge vyangu vimekwisha tangu mwezi uliopita, sijawaambia.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Steve ameandika ujumbe mrefu. "Alhamisi alichoma kumi na sukari ikapanda. Nimemuuliza daktari hapa, anasema haiwezekani, labda insulini imeharibika au Orpha anadanganya. Kuanzia sasa achome kumi na nne ikipita kumi na saba. Boksi jingine liko tayari, nitalituma Jumatatu, lakini kwanza Baba Mdogo uniambie kilichotokea. Wewe peke yako nakuamini."

Nimeusoma mara nyingi. Si mtu mbaya. Anampenda dada yake, na kwa upendo huohuo atamuua akiwa mbali, kwa namba ya mwanamke asiyemjua. Mimi nilikuwa karibu, na nilikaribia kufanya hivyohivyo.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Orpha kachoka. Amepima asubuhi: kumi na tano, na hii ni yake kweli. Nusu dawa haimtoshi. Macho yameingia ndani.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Kidude cha Léocadie kinakufa kesho asubuhi. Katika boksi kimebaki kimoja.

Leo jioni tulikaa wote chumbani kwangu. Bakiri alikuwa amevaa tayari sare zake za ulinzi. Boksi lilikuwa mezani.

"Kinakwenda kwa Léocadie," akasema Orpha. "Kuna watu wawili mle."

"Hapana," akasema Léocadie. "Ni ya kwako. Kaka yako alikutumia wewe. Mimi nilikula ya kwako ya kutosha. Angalia macho yako."

"Na ukilala juu ya cherehani tena, nani atakuamsha?"

"Mungu atanigonga."

"Mungu hana simu!"

Bakiri, ambaye huzungumza mara chache, alisema Jumatatu atampeleka mkewe katika hospitali kubwa ya mjini, pengine huko langoni hakuna watu. Pengine. Hana karatasi hata moja ya kuishi nchini, wala mkewe hana. Wakiulizwa, hawatarudi nyumbani siku hiyo. Na Jumatatu iko mbali na kesho.

Kisha akanigeukia. "Papa, wewe ndiye mukubwa hapa. Sema, sisi tutafanya."

Wote watatu walinitazama. Maisha yangu yote nimesubiri kutazamwa hivyo, na sikuwahi kukosa jibu. Nikimwambia Steve kweli, ataacha kuagiza dozi kwa namba isiyo ya Orpha. Na huenda asitume boksi tena, akaamuru dawa yote irudi kwa dada yake, na Léocadie na mtoto wake wabaki na ule ukuta tu. Nikimdanganya, boksi litatumwa Jumatatu, pamoja na agizo la yuniti kumi na nne, na siku moja sitakuwapo mezani kuzuia. Wala Orpha hawezi kuishi kwa nusu hadi mtoto azaliwe.

Niliwaomba wanipe hadi asubuhi. Léocadie alisema, "Hata Papa Ruphin anaombaka ruhusa," lakini alisema kwa upole.

Sasa wameondoka. Mawingu yamefika, umeme unamulika dirisha bila sauti. Simu imelia kidogo: ni ujumbe wa Steve. "Namba nzuri leo, saba nukta nne. Mungu ni mwema. Mwambie Orpha aendelee hivyohivyo." Sijamjibu. Nyuma ya pazia Orpha amenyanyuka kunywa maji mara ya tatu tangu nianze ukurasa huu, na bomba la uani, safari hii, limenyamaza.

Nimemuuliza anajisikiaje. Amesema, "Nachelewa kidogo kujibu, Baba Mdogo, lakini niko."

Nimegonga ukuta. Umegongwa.

Boksi liko mbele yangu, bado limefungwa. Uamuzi ukishafanyika nitauandika hapa, kwa wino, pamoja na jina la mwenye mkono.